Kidani cha bibi: shajara ya kupima hali ya pauni tano na tembo mmoja

Jumamosi, 11 Januari 2025: kwa nini kazi hii

Bibi alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Warithi wake ni watatu: baba yangu na shangazi zangu wawili. Mafungu ni manne, mawili ya baba na moja moja la kila shangazi. Nyumba imegawiwa, shamba limegawiwa, hakuna aliyenuna. Kilicholeta maneno ni kidani.

Kidani kina tembo katikati, yaani ile sarafu ya dhahabu ya Mjerumani yenye ndovu, imewekwa ndani ya fremu ya kucha. Kushoto na kulia kuna pauni moja moja, zile za dhahabu za Mwingereza, zilizopigwa lehemu ya kitanzi. Pauni nyingine tatu tulizikuta zimefungwa fundo kwenye pindo la kanga, chini kabisa ya sanduku. Jumla vipande sita.

Sonara wetu wa Mji Mkongwe alishasema lake: "Pauni ni pauni. Napima, nakata lehemu, nalipa." Shangazi mkubwa hataki kusikia. Anasema mama yake alimwambia tangu yeye ni kigori kwamba tembo peke yake ana thamani kuliko pauni zote. Basi nikapewa kazi mimi, kwa hoja kwamba nashinda kwenye kompyuta.

Naandika hapa kila hatua ikimalizika. Najua si sisi peke yetu tuliorithi pauni zenye vitanzi. Zamani za rupia pwani hii, rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya dhahabu ya Kiingereza, na mama aliyekuwa na cha kuweka hakuweka karatasi.

Jumapili, 19 Januari: vifaa, na nilichojifunza kabla ya kugusa kitu

Binamu yangu aliyeko Maskati alinitumia mzani mdogo wa sonara unaosoma hadi sehemu moja ya elfu ya gramu. Nimemrudishia shilingi 95,000. Lenzi ya kukuzia mara 10 nimeinunua Darajani, 20,000. Kalipa ya plastiki, ya kupimia upana, 15,000. Nimechagua ya plastiki makusudi, chuma hukwaruza. Taa ya mezani ninayo.

Pauni kamili, ya Malkia Victoria, ya Mfalme Edward au ya Mfalme George, ina uzito wa gramu 7.988, upana wa milimita 22.05, na dhahabu ya karati 22. Sheria ya Waingereza iliiruhusu itembee mkononi mpaka ilipochakaa kufikia gramu 7.937. Chini ya hapo si halali tena, ni dhahabu tu. Kwa hiyo mzani pekee unakwambia mengi kabla hujachukua lenzi.

Kuhusu madaraja: Waingereza hutumia herufi. F ni iliyochakaa lakini inasomeka vizuri, VF imechakaa kidogo, EF imeguswa kwenye ncha za juu tu, na UNC haijatembea kabisa. Wamarekani hutumia namba 1 hadi 70. Kipimo hicho alikileta William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba, akidhani sarafu ya 70 itauzwa mara 70 ya sarafu ya 1. Hesabu ya bei ilimshinda, namba zikabaki. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambazo hazikutumika. Ukisikia 58, ni ile iliyokaribia sana.

Kitu ambacho nilikisoma na sikukizingatia, na mtaona gharama yake huko mbele: daraja hupima kuchakaa. Kuharibiwa ni habari nyingine. Sarafu iliyosuguliwa, iliyopigwa lehemu au iliyopitishwa tupa, hata kama picha yake ni kali kama jana, wakaguzi wa ng'ambo hawaipi namba. Wanaandika hali yake kwa maneno na kutaja kasoro, na mnunuzi anashusha bei papo hapo.

Jumatano, 29 Januari: mzani, maji, na hofu ya bure

Kuzitambua kulichukua jioni moja. Za kwenye kidani: ya Victoria ya 1890 yenye herufi M, imepigwa Melbourne, na ya Edward VII ya 1905. Za kwenye kanga zote ni za George V: 1911, 1918 na 1927. Ile ya 1927 ina herufi SA, ni ya Pretoria.

Uzito: 1911 gramu 7.91. 1918 gramu 7.98. 1927 gramu 7.99. Za kidani zina vitanzi na hazina maana kwenye mzani kwa sasa. Moja ilisoma 8.33, nyingine 8.29.

Halafu nikajaribu kipimo cha maji. Unaweka bilauri ya maji juu ya mzani, unaurudisha sifuri, unaishusha sarafu kwa uzi mpaka izame yote bila kugusa chini. Namba inayotokea ni ujazo wa sarafu. Gawanya uzito kwa ujazo, unapata uzito wa kila sentimita ya ujazo, na kwa dhahabu ya karati 22 iliyochanganywa na shaba unatarajia 17.5 na kidogo.

Nikaanza na ya 1918. Mara ya kwanza iligusa chini, mzani ukasoma gramu saba na ushei, nikacheka. Mara ya pili ulisoma 0.53. Nikagawanya, nikapata 15. Nikarudia, 0.52. Hapo sikucheka tena. Nikatazama tarehe kwa lenzi, nikaona jambo jingine: juu ya namba za mwaka, kwenye ardhi anayokanyaga farasi wa Mtakatifu Joji upande wa nyuma, hakuna herufi. Isiyo na herufi ni ya London, na London haikupiga pauni mwaka 1918. Ilikoma 1917, ikarudi kidogo 1925. Pauni halali za 1918 zimetoka Australia, Canada na Bombay, na zote zina herufi pale pale.

Dhahabu nyepesi, herufi hakuna. Nikampigia shangazi mkubwa usiku ule ule kumwambia moja ni ya bandia. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na si la mzani. Shangazi hakulala. Asubuhi alikuwa ameshawaambia watu watatu, na mmoja wao ni sonara.

Jumamosi, 8 Februari: marekebisho

Tatizo la maji lilikuwa uzi. Nilitumia uzi wa kushonea. Uzi wa pamba unakunywa maji na kushika mapovu, na sarafu yenyewe ilikuwa na mafuta ya vidole, kwa hiyo mapovu madogo yaliganda kwenye meno ya ukingo. Kila povu linahesabiwa kama ujazo. Sasa natumia mshipi wa kuvulia, ule mwembamba kabisa, na ndani ya maji natia tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo. Naitikisa sarafu kidogo ndani ya maji kabla ya kusoma. Ya 1918 imesoma 0.455 mara tatu mfululizo. Inatoa 17.5. Ya 1927 imesoma 0.456, hali kadhalika.

Ikabaki herufi. Pale kwenye ardhi palikuwa na uchafu mweusi ulioshikana, pengine mafuta ya nazi na udi wa miaka. Nilijua asetoni haiidhuru dhahabu, nikanunua dawa ya kuondolea rangi ya kucha, 3,000. Msifanye hivyo. Ile ina manukato na mafuta ndani. Iliacha utando kama wa samli. Asetoni tupu niliipata kwa mafundi wa boti za faiba, wanaoshea brashi zao. Robo lita 8,000. Niliimimina kwenye bilauri ya kioo, kwa maana plastiki inayeyuka, nikafungua madirisha, nikaiacha sarafu usiku kucha bila kuisugua hata kwa pamba.

Asubuhi nikaigeuza chini ya taa. Katikati ya ardhi, juu ya nafasi ya kati ya tarehe, kuna kijiti kimoja kilichosimama: I, ya India. Bombay. Tawi lile la kupigia chapa lilitoa pauni mwaka huo mmoja tu, karibu milioni 1.3, halikurudia tena. Bibi aliipata wapi sijui, ila majahazi ya Bombay na Zanzibar hayakuhitaji kufundishwa njia.

Nikaenda kwa shangazi mwenyewe, sikupiga simu. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama. "Sasa ni ya kweli?" Nikamwambia ya kweli, shangazi. "Na wale niliowaambia?" Nimewazungukia wote watatu.

Jumapili, 16 Februari: dawa ya meno

Ukurasa huu sikutaka kuuandika.

Ya 1927 SA ilikuwa nzuri kuliko zote. Nilipoitazama mara ya kwanza chini ya taa moja na kuizungusha polepole, mwanga ulikwenda nayo, ukatembea juu ya uwanja wa sarafu kama njiti za gurudumu la baiskeli linalozunguka. Huo mng'ao ni mistari midogo mno ya dhahabu iliyotandazwa na muhuri siku ya kupigwa. Haurudishwi na mtu. Nywele za mfalme juu ya sikio zilikuwa kamili, ncha ya sharubu kamili, na upande wa pili paja la Mtakatifu Joji na bega la farasi, ambapo kuchakaa huanzia, hapakuwa na doa la kufifia. Mikwaruzo michache ya sarafu kugongana kwenye mfuko, basi. Niliandika kwenye daftari: UNC, 62 au 63.

Ilikuwa na doa la rangi ya chungwa karibu na sikio, dogo kama mbegu ya ufuta. Dhahabu ya karati 22 ina shaba, na shaba hubadilika rangi. Wapenzi wa sarafu hawalijali doa hilo. Mimi lilinikera. Nilikuwa nataka kupiga picha nzuri ya kuwatumia akina baba. Nikachukua mswaki laini na dawa ya meno, nikapitisha mara nne, labda tano. Sekunde kumi.

Doa likaondoka. Nikaipangusa, nikaiweka chini ya taa, nikaizungusha. Njiti hazipo. Mwanga umekaa pale pale umelala, na ndani yake kuna nywele nyembamba za mikwaruzo, mamia, zote zimeelekea upande mmoja kama majani yaliyopigwa na kusi. Kwa macho matupu inang'aa kuliko mwanzo, ndiyo maana watu wanafanya. Kwa lenzi ni sarafu nyingine. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, na dhahabu ni laini.

Kilichonipa pumzi ni kwamba Pretoria ilipiga zaidi ya milioni 16 za mwaka huo, kwa hiyo nyongeza juu ya bei ya dhahabu haikuwa kubwa hata ikiwa safi. Ingekuwa ya Bombay ningehama mtaa. Nimemwambia baba. Alinyamaza kidogo, akasema, "Bibi yako alikuwa anazifuta kwa kanga tu."

Tangu siku hiyo kila sarafu imo ndani ya kidonge, yaani kikasha cha duara cha plastiki ngumu, sita kwa 18,000. Vile vifuko laini vya plastiki tulivyozoea msivitumie. Vinatoa ute wa kijani baada ya muda.

Alhamisi, 27 Februari: madaraja, safari hii bila kujidanganya

Niliamua kuyapanga madaraja mara mbili, wiki moja katikati, bila kuangalia daftari. Matokeo yaliniaibisha. Ya 1911 niliipa EF mara ya kwanza, VF mara ya pili. Ya 1905 niliipandisha. Tofauti ilikuwa taa. Mara moja nilitumia taa ya duara ya wapiga video, iliyokuwa ya mdogo wangu. Ile inamulika pande zote, inaficha mikwaruzo na inafanya kila kitu kiwe kisafi. Taa ya balbu moja, upande wa kushoto juu, sehemu nyingine yote ya chumba giza, ndiyo inayosema kweli. Nikazirudia zote kwa taa moja.

Kwa wanaotaka kufuata: upande wa farasi naanzia kofia ya Joji, kisha kifua, paja, na bega la farasi. Upande wa kichwa hutegemea nani. Kwa George na Edward ni nywele juu ya sikio, nyusi na ndevu. Kwa Victoria wa 1890, mwenye taji dogo, ni ushungi, nyusi na vito vya taji. Tazama rangi pia. Sehemu iliyochakaa huwa na wekundu mzito usiocheza na mwanga, wakati uwanja wa pembeni bado unacheza.

1890 M ni VF. Uso mzuri, nyusi zimelala. Lakini lehemu imetapakaa saa 12, yaani juu kabisa, imemeza herufi mbili za maandishi ya ukingoni. 1905 ni F, imesuguana na kifua cha bibi na vifungo vya gauni miaka yote hiyo. Ndevu za mfalme zimebaki umbo tu, na upande wa nyuma umechakaa kuliko wa mbele, jambo ambalo hulioni kwenye sarafu iliyotembea sokoni. Hiyo ni alama ya kidani. Hizi mbili ni dhahabu ya sonara, sina ubishi naye.

Ya 1911 ilinichosha. Haina kitanzi, uso ni VF ya juu, lakini gramu 7.91 ni chini ya uhalali na kuchakaa kwake hakutoshi kueleza upungufu huo. Niliizungusha ukingo wake mbele ya lenzi, jino kwa jino. Saa 12 meno yanakoma. Kuna kipande kama upana wa punje ya mchele ambapo ukingo ni laini, halafu meno yanaendelea, lakini mafupi. Iliwahi kuwa na kitanzi. Fundi mmoja, zamani, alikitoa na kupitisha tupa ili isionekane. Alijua kazi yake. Kwa mbele hujui kitu. Tangu hapo natazama ukingo kwanza, uso baadaye, na nashauri mtu yeyote anayenunua pauni mtaani afanye hivyo hivyo.

Ya 1918 I imebaki peke yake: EF kamili, haikuguswa na lehemu wala tupa wala mimi.

Ijumaa, 28 Februari: tembo

Nilimwacha mwisho kwa sababu shangazi mkubwa alitaka awepo. Alikuja alasiri na chano cha visheti, akakaa.

Tembo wa kweli ana historia ambayo ningependa iwe yetu. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezingirwa, meli hazifiki, fedha zimekwisha. Wakapiga sarafu wenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Rupia 15, tembo amenyanyua mkonga mbele ya milima, na herufi T ya Tabora. Zilitoka elfu 16 na kitu tu. Kila muuza sarafu duniani anaijua, na ndiyo maana nakala zake ni nyingi.

Fremu ilikuwa ya kucha, kwa hiyo nikafungua kucha nne kwa kijiti cha mianzi bila kulehemu wala kukata. Mzani: gramu 8.02. Tembo wa Tabora ana gramu 7.168. Nikatazama chini, shangazi akanitazama mimi.

Maji: 0.478. Inatoa 16.8. Hapa ndipo panachekesha. Tembo wa kweli ni dhahabu ya robo tatu, karati 18, na kipimo chake kinatakiwa kuwa karibu na 15. Huyu wetu ana dhahabu bora kuliko ya Mjerumani. Ni karati 21, ile wanayoipenda masonara wetu. Kwa lenzi kila kitu kikakaa mahali pake: herufi zina kingo za mviringo kama sabuni iliyotumika, uwanja una vinyweleo vidogo vya dhahabu iliyomiminwa kwenye kalibu, na kwenye sikio la tembo kuna kichunusi ambacho muhuri wa chuma hauwezi kukiacha. Sonara mmoja, labda miaka 60 au 70 iliyopita, alichukua tembo wa kweli wa mtu, akamtolea kalibu, akawamiminia kina mama.

Nilimweleza shangazi taratibu. Nikamwambia ni dhahabu safi, nzito, ila haikupigwa Tabora. Akauliza, "Kwa hiyo mama alidanganywa?" Nikasema pengine bibi aliagiza mwenyewe, iwe pambo. Alila kisheti kimoja, akafikiri.

"Alisema ana thamani. Hakusema ya Mjerumani."

Jumamosi, 12 Aprili: mgawo

Ramadhani na Idi zilisimamisha kila kitu. Leo tumekaa.

Hesabu ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa, kwa sababu vipande sita vina dhahabu inayokaribiana, kila kimoja gramu saba na kidogo za dhahabu tupu. Baba amechukua 1890, 1905 na 1927 niliyoiharibu, ameitaka mwenyewe. Shangazi mdogo 1911. Shangazi mkubwa tembo. Ya Bombay itauzwa. Bei yake ya dhahabu wanagawana mashangazi nusu kwa nusu, na chochote kitakachozidi bei ya dhahabu kinarudi kwenye mafungu manne. Tofauti ndogo za uzito zimelipwa kwa taslimu papo hapo, juu ya mkeka.

Kuipeleka ya Bombay kwa wakaguzi wa ng'ambo tumekuacha. Nauli ya posta yenye bima, ada na forodha vingekula sehemu kubwa ya nyongeza kwa sarafu moja. Binamu ataibeba akija Julai, na picha nilizopiga kwa taa ya balbu moja anazo.

Gharama yote hadi leo: mzani 95,000, lenzi 20,000, kalipa 15,000, dawa ya kucha 3,000, asetoni 8,000, vidonge 18,000. Mshipi ni wa jirani. Jumla 159,000, na mng'ao wa pauni moja.

Shangazi mkubwa amenirudishia tembo na ile fremu. Anataka kucha zikazwe kabla ya harusi ya Jumapili, na amenionya nisimfute na kitu.